Mama Sali Aliyechunga Migongo Yetu

Hata leo nikipita soko la Nyakasanza mjini Bunia, ninaweza kuwatambua wanawake waliopita mikononi mwake. Wakitaka kuinua beseni la samaki kutoka chini, wengi huinama kiunoni kama mgomba uliovunjwa na upepo na kulinyakua. Wale wake hawafanyi hivyo. Wanalivuta kwanza beseni karibu na miguu, wanatanua miguu, mmoja mbele kidogo, wanachuchumaa, wanalikumbatia kifuani, kisha wanasimama polepole kwa nguvu za mapaja, mgongo umenyooka. Nikimwona mtu wa namna hiyo ninamsimamisha na kumuuliza kama aliwahi kuuguza mtu hospitalini miaka ile. Mara nyingi anacheka kabla hajajibu, nami ninajua jibu.

Sisi tulimwita Mama Sali. Chumba kikubwa cha wagonjwa Wafaransa wanakiita "salle", na sisi ulimi wetu uligeuza ikawa sali. Yeye alikuwa mkuu wa sali ya wanawake katika hospitali ya Bunia niliyoanzia kazi miaka ya sabini, nikiwa muuguzi msaidizi niliyetoka upande wa Djugu. Watu wa milimani waliposikia jina hilo walifikiri ni mama wa kusali. Walimpigia magoti wakimwomba awaombee wagonjwa wao. Hakuwarudisha hata mmoja. Alifumba macho, akasema sala fupi sana, amina, na kabla hawajainuka akawaambia, "Sasa muko tayari mu magoti. Bakieni hapo, niwaonyeshe vile magoti inafanya kazi."

Nieleze kidogo kwa asiyejua mambo ya hospitali zetu. Mgonjwa wa kwetu haji peke yake. Anakuja na dada yake, au binti yake, au mke mwenza, anayelala chini ya kitanda, anayepika uani, anayefua, anayemgeuza, anayempeleka chooni. Tunamwita gardemalade. Wauguzi tulikuwa wachache, na kazi ya kubeba miili ilikuwa ya hawa. Ilikuwa kawaida mgonjwa kuingia amelala juu ya kipoyi, yaani machela ya kubebwa na watu, akatoka mzima, na gardemalade wake anatoka amejishika kiuno. Watu waliona ni sehemu ya ugonjwa. Mama Sali hakuona hivyo. Kwake, mtu kuumia mgongo akimhudumia mwingine ilikuwa aibu ya nyumba nzima, na nyumba ile ilikuwa yake.

Alikuwa mfupi, mpana mabegani, na kitambaa cheupe kichwani kilichofungwa kwa nguvu mpaka nyusi zilionekana zimeshangaa. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, vya chini, vimepakwa rangi kila asubuhi. Wakati ule wasichana wa mji walipenda viatu vya kisigino kirefu chenye soli nene kama tofali. Ukija navyo kazini, alikuonyesha mlango bila kelele, ukarudi nyumbani kwa miguu mpaka mtaa wa Mudzipela kutafuta vingine. Alisema kwamba mtu anayesimama juu ya vidole hawezi kuwa nguzo ya mwenzake.

Mtu mpya yeyote, muuguzi au gardemalade, alipokelewa kwa swali moja.

"Weye, mugongo yako iko ngapi?"

Mtu alitazama huku na huku, akifikiri amesikia vibaya, halafu akajibu kwamba ni moja.

"Basi uichunge. Ukiivunja, hakuna magazini mu Bunia iko nauzisha ingine."

Mimi sikuwa mgeni tena kazini aliponiuliza swali hilo, nikiwa nimeinama juu ya mgonjwa, ninajaribu kumvuta juu kwenye mto kwa kumshika makwapani. Nilikuwa kijana, nimetoka shuleni, ninataka waone nina nguvu. Nilihisi kiganja cha mkono kikitua juu ya kiuno changu, kwa nyuma, kimetulia pale kama cha mtu anayepima homa. Akasema kazi yote niliiweka pale chini ya kiganja, na pale si mahali pa kuweka kazi. Akanifanya nikunje magoti, nisogee mpaka paja langu liguse kitanda, akamwambia mgonjwa akunje miguu yake na kuikandamiza kwenye godoro. Kisha akaniambia nisiinue, niyumbe tu kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Mgonjwa akapanda kwenye mto kama mtu aliyesukumwa na maji. Nilisimama nikitazama mikono yangu. Hakungoja nimshukuru, alikwishaenda kitanda kingine kuweka kiganja chake juu ya kiuno cha mtu mwingine.

Hakuanza hivyo, lakini, na nilipofika kazini hakuwa bado hivyo. Alinisimulia mwenyewe kwamba miaka yake ya kwanza alibeba kama wengine na aliwacheka waliolalamika. Kilichombadilisha kilitokea mbele ya macho yetu, na ni lazima nikiseme, kwa sababu bila hicho hata mimi nisingemwelewa.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, muuguzi aliyetoka Niania. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya mwanamume, na nguvu zake zilikuwa fahari ya sali nzima. Mgonjwa mzito akiletwa, watu waliita, "Muko wapi mama wa Niania?" Naye alikuja akikunja mikono ya gauni. Alimbeba mtu mzima kama unavyobeba mtoto, akimtoa kwenye kipoyi na kumweka kitandani, na watu walipiga makofi. Asubuhi moja mgonjwa aliteleza akaanguka sakafuni kati ya vitanda viwili. Mama wa Niania hakungoja mtu. Aliinama, akamkumbatia, akajipinda ili ampandishe kitandani. Tulisikia sauti yake, si kilio, ni kama mtu aliyekumbuka jambo ghafla. Alimfikisha mgonjwa kitandani, hakumwacha. Halafu yeye mwenyewe akashuka polepole mpaka chini, akalala ubavu, akasema hawezi kuhisi mguu wake.

Alilala miezi katika sali ileile aliyokuwa akifanyia kazi. Mguu ulirudi, lakini haukurudi wote, na mgongo haukukubali tena kuinama wala kubeba. Msimamizi wa hospitali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wachache na kazi nyingi, na alisema wazi kwamba hana mahali pa kumpa muuguzi asiyeweza kuinua mgonjwa. Akaamua kwamba mama wa Niania arudi kwao.

Mama Sali alimchukua nyumbani kwake. Alimlaza chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni. Kisha siku ya kazi alimleta hospitalini akitembea naye taratibu, akamkalisha juu ya stuli ndefu karibu na mlango wa sali, akawakusanya magardemalade mbele yake. Mwenzetu aliona aibu. Nilikuwa nimesimama karibu, nilimsikia akinong'ona kwamba mtu aliyevunjika atafundisha nini.

"Mwenye alianguka mu shimo ndiye anajua pahali shimo iko," Mama Sali alimwambia. "Waonyeshe pahali iko."

Basi akaanza. Mwanzoni alisema maneno machache huku akiangalia chini. Alisema alichofanya asubuhi ile, kitu kwa kitu: aliinama badala ya kuchuchumaa, alimshika mgonjwa mbali na kifua, alijipinda akiwa na uzito mikononi, na hakuita mtu. Wale wanawake walimsikiliza kwa makini, kwa sababu walimwona amekaa pale na fimbo ya kutembelea. Kesho yake alirudi, na siku iliyofuata. Alikuwa anaonyesha kwa mikono, na Mama Sali au mimi tukifanya kwa mwili. Baada ya majuma kadhaa sauti yake ilikuwa imerudi, na wakati mwingine aliwachekesha.

Msimamizi alimwita Mama Sali ofisini kumuuliza kwa nini mtu ambaye hayumo tena kazini anaonekana kila siku. Nilikwenda naye kumbebea funguo. Alisimama mbele ya meza, mfupi vile, akamwita "raia" kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa wakati ule, akasema bila haraka:

"Citoyen, mikono ya huyu mutoto ilimalizika hapa kwetu. Mudomo yake iko nzima. Muniachie mudomo."

Msimamizi akatazama dirishani. Daktari wetu, ambaye naye alikuwa ameitwa, alisema kwamba tangu mafunzo yale yaanze, wanawake wanaokuja kwake kuomba dawa ya kupaka kiunoni wamepungua sana, na wagonjwa wanageuzwa vizuri, vidonda vya kulalia vinapungua pia. Msimamizi akasema haya, abaki, tutaona. Hakuna aliyemwondoa tena. Mama wa Niania alifundisha mlangoni pale kwa miaka mingi, akaolewa kutokea pale, na watoto wake walizoea kumsikia akisema juu ya shimo.

Sitasema Mama Sali alikuwa mnyenyekevu, maana mtu yeyote aliyemjua na akasoma haya atanicheka. Siku ile tulipotoka ofisini alitembea katikati ya uwanja wa hospitali kama jenerali, akazunguka jiko, akazunguka chumba cha kufulia, sehemu zote ambazo hakuwa na shughuli, ili wote wamwone. Alipenda kushinda na alipenda kusimulia alivyoshinda. Mimi nilipenda kumsikiliza.

Chombo chake kikubwa kilikuwa kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga. Kila mwanamke wa kwetu ana kikwembe, na yeye alisema Mungu alijua atatuletea wagonjwa, ndiyo maana alitupa nguo yenye upana ule. Kikwembe kilichokunjwa mara mbili kilitandikwa chini ya mgonjwa, kutoka mabega mpaka mapaja. Watu wawili wanakunja kingo mpaka karibu na mwili, wanakamata, wanahesabu, na mgonjwa anasogea bila mtu kumbeba. Kikwembe kingine kilifungwa kiunoni mwa mgonjwa anayeanza kusimama, ili umshike hapo na si makwapani wala mikononi. Tena alikataza mgonjwa kukushika shingo. Wagonjwa wanaoogopa kuanguka hukamata shingo ya aliye karibu, na uzito wote unaning'inia hapo. "Umupatie kiuno chako, umupatie mukono, umupatie na moyo," alikuwa akisema. "Lakini shingo, hapana."

Siku moja kikwembe kiliokoa jambo ambalo hata wachungaji wangeshindwa. Aliletwa mama mzee, amevunjika nyonga, na aliyebaki naye alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake. Binti mwenyewe alikuwa amejifungua siku hizohizo katika jengo lingine. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata kula mbele yake ni shida. Yule kijana alisimama ukutani, uso umegeukia nje, na mama naye alikuwa amejifunika kichwa chote kwa shuka. Siku hiyo tulikuwa wawili tu sali nzima, na mama hakuwa amegeuzwa tangu asubuhi. Mama Sali alimwita kijana. Akasema hawezi, yule ni mama mkwe wake, hawezi kumgusa.

"Nani amekuambia umuguse? Shika kikwembe. Kikwembe haiko mukwe yako."

Kijana alifikiri. Mama mzee naye, chini ya shuka, alikuwa anafikiri, tuliona shuka limetulia. Mwisho sauti ndogo ikatoka mle ndani ikisema kwamba neno hilo ni kweli. Basi kijana akasogea, akatazama dari, akakamata kingo za nguo, akakunja magoti kama alivyoambiwa, tukamgeuza mama upande. Tuliendelea hivyo mpaka binti alipopata nguvu za kuja. Siku walipotoka hospitalini, mama mzee alimwachia mkwe wake kile kikwembe kama zawadi. Sikuwahi kuona zawadi iliyopokelewa kwa heshima kubwa kama ile, kijana amenyoosha mikono miwili na macho ameyaelekeza chini.

Jambo jingine alilopigania ni vitanda. Vya kwetu vilikuwa vya chuma, vya chini mno, na kila ukimwosha mgonjwa ulikuwa umekunjika kama kisu cha mfukoni. Alimpata fundi mbao wa jirani yake, akamfanya akate vipande vya mti mgumu, kila kimoja kimechimbwa shimo katikati ili mguu wa kitanda uketi humo usiteleze. Vitanda vya wagonjwa wasioweza kujigeuza vikapanda juu yake mpaka usawa wa kiuno. Wagonjwa walilalamika kwamba wamelazwa juu ya paa. Bibi mmoja alitaka afungwe kamba asianguke. Lakini sisi warefu tulifurahi, kwa mara ya kwanza tulimaliza kuosha watu bila kujishika viuno.

Tatizo lilikuwa Mama Sali mwenyewe. Hakuwa amejipima. Vitanda vilivyotufaa sisi vilimfika yeye kifuani, na alipojaribu kumgeuza mgonjwa alionekana kama mtu anayechungulia juu ya ua la jirani. Tulijizuia kucheka. Yeye alikwenda akaagiza kwa fundi yuleyule ubao mpana wenye miguu mifupi, imara, akawa anasukuma ubao ule kwa mguu kutoka kitanda hadi kitanda na kupanda juu yake kama askofu anayepanda mimbari. Hakushusha hata kitanda kimoja. Alisema wengi wetu tulikuwa warefu, na yeye ni mmoja.

Katika sali ile mgonjwa hakusogezwa bila kuambiwa. "Mugonjwa haiko gunia. Gunia haiko na masikio." Ulimweleza unakwenda wapi naye, ukamwomba asaidie kwa kile alichonacho, hata kama ni kidole cha mguu kimoja, halafu mkangoja hesabu, na mgonjwa ndiye aliyehesabu. Hapo palitokea fujo mwanzoni, kwa sababu mke wa askari mmoja alihesabu kwa Kilingala, moko, mibale, misato, na sisi tulikuwa tunangoja moja, mbili, tatu; mmoja akavuta, mwingine akabaki. Mama Sali akatoa amri kwamba lugha ya hesabu ni lugha ya mgonjwa. Kwa hiyo wauguzi wa sali ile tulijifunza kuhesabu mpaka tatu kwa kila lugha inayosemwa kati ya ziwa na msitu. Wengine hatukujua neno jingine lolote katika lugha hizo, hata salamu. Lakini niliona wanawake waliofika wamefunga nyuso, hawajui Kiswahili, hawamwamini mtu, wakasikia sisi sote tunangoja tatu yao, na nyuso zikafunguka.

Basi ungefikiri mtu kama huyu nyumbani kwake aliishi kwa kanuni. Hapana. Nilimtembelea mara nyingi kule Mudzipela, na mara ya kwanza sikuamini. Nilimkuta amebeba mzigo wa kuni mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, amekunjwa kabisa, pua karibu na magoti. Alipika juu ya mafiga matatu ameinama kwa saa nzima, akikoroga bugali kwa mkono mmoja. Nilipomwambia, alikasirika. Akaniambia kule hospitalini kuna mkuu wa sali, na nyumbani hayuko. Binti zake walicheka mpaka machozi. Baadaye waliniambia kwamba jioni nyingine huwaamuru wampande mgongoni kwa miguu ili kumnyoosha, na wamekatazwa kabisa kusema nje. Nasema sasa, maana nafikiri inamwongezea heshima. Alijua maumivu yale kwa mwili wake, na sisi hakutaka tuyajue hata kidogo.

Kitu kingine: kwa wagonjwa alikuwa mpole kama maziwa, kwa wauguzi alikuwa mkali. Ulifanya vizuri miaka mitatu, hakusema. Ulipinda mgongo mara moja, jina lako lilisikika mpaka uani. Na wanaume aliwapa kazi ambazo hawakuzitarajia. Mume aliyekuja kumwona mke wake na kusimama mguuni mwa kitanda akiwa na kofia mkononi, alijikuta upande wa pili wa kikwembe kabla hajamaliza salamu. Wengine walisema hiyo ni kazi ya wanawake. Aliwajibu kwamba basi wasimame tu, wamtazame binti wao mdogo akivunjika kiuno badala yao. Sikumbuki aliyebaki amesimama.

Jumamosi za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tulipaswa kutoka na majembe kufyeka kando ya barabara. Aliyekuwa zamu ya kugeuza wagonjwa, Mama Sali hakumwacha aende kulima. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa mtaa kusema kwamba wauguzi wake wanafanya salongo ndani, na jembe lao ni mwili wa mama wa mtu. Sijui huyo mkuu alijibu nini. Najua tu kwamba kuanzia hapo hawakutuita, na kwamba yeye alikwenda kulima zamu yetu, na kitambaa chake cheupe kilionekana kwa mbali kati ya majembe.

Mume wake alikuwa dereva wa lori. Alikwenda na chumvi na sabuni mpaka Kisangani, akarudi na mchele na mafuta ya mawese, na barabara za msituni zilimweka njiani majuma mengi. Alikuwa mtu mkubwa wa kucheka. Walipostaafu, katikati ya miaka ya themanini, walihamia Mambasa, walikokuwa na shamba. Siku ya kumuaga, Mama Sali hakutaka sherehe, lakini alipoikuta imeandaliwa alikaa kiti cha mbele akala sehemu kubwa ya mbuzi. Mimi niliachiwa sali. Hakuniachia maneno yoyote ya hekima. Aliniambia tu miguu ya kitanda cha dirishani inaanza kuliwa na kutu.

Mwaka mmoja au zaidi ukapita ndipo tulisikia kwamba mume wake amepooza upande mmoja. Nilipopata likizo nilipanda lori la mchele linalorudi, nikafika Mambasa nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, safi, imezungukwa na karanga na migomba michache. Alinipokea mlangoni bila mshangao, kama mtu aliyenituma sokoni na nimechelewa kidogo.

Muzee, mume wake, alilala karibu na dirisha, kwenye kitanda kirefu cha mbao, ngozi yake imepakwa mafuta inang'aa, hana kidonda hata kimoja. Nilitafuta kwa macho ya kazi na sikukipata. Lakini yeye Mama Sali alikuwa amekonda. Mabega yale mapana yalikuwa yamebaki mifupa, na chini ya macho kulikuwa na mifuko. Nilimuuliza nani anamsaidia. Alisema mabinti wako mbali na waume zao, jirani anakuja kusaidia kugeuza, anakuja pia mchungaji. Nikauliza nani anabaki na mume wake jirani akiondoka. Muzee ndiye aliyejibu, kwa maneno yaliyotoka kwa shida upande mmoja wa mdomo, kwamba mke wake hakubali kumwachia mtu mwingine, na hajatoka kwenye uwanja huu tangu mvua za kwanza. Hata kanisani haendi. Hata shamba analitazama tu kutoka mlangoni.

Asubuhi yake nilifanya kazi pamoja naye. Nilikwenda upande wa ukuta, yeye upande wa mlango. Sikumwonyesha kitu wala yeye hakunionyesha. Tulimwosha Muzee, tukamgeuza, tukamkalisha, nikamfunga kikwembe kiunoni na kumsimamisha, magoti yangu yamezuia ya kwake, tukampeleka kwenye kiti chake uani. Yote hayo hayakuchukua hata muda wa chai kupoa. Mama Sali alisimama akanitazama, mikono kiunoni. Nilifikiri atasema mguu wangu wa nyuma ulikuwa mbali.

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kitambaa kingine kichwani, na jembe begani.

"Mutoto wangu, baki naye," aliniambia. "Naenda ku karanga."

Akaenda. Alipita katikati ya migomba bila haraka, na hakugeuka nyuma kutuangalia. Nilikaa karibu na Muzee. Nimepewa vyeti katika kazi yangu na watu wakubwa wamenishika mkono mbele ya wengine, lakini hakuna aliyewahi kuniheshimu kama yule mama aliyeniachia mume wake na kuondoka bila kuniambia nifanye nini.

Alirudi jua likiwa juu, ana udongo mpaka magotini na karanga mbichi kwenye nguo. Alikunywa maji mengi. Alisema palizi ni nyingi kuliko alivyodhani. Kisha akatandika mkeka kivulini mwa ukuta, karibu na miguu ya mume wake, akasema anajinyoosha kidogo tu, na hakumaliza kusema akalala. Alilala kabisa, mdomo wazi, akikoroma, kitambaa kimemshukia usoni.

Nilianza kukusanya vyombo niende kupika. Muzee aliinua mkono wake ule mzima, akaweka kidole mdomoni, akanionya nisipige kelele. Nusu ya uso wake ilikuwa inacheka. Basi nikarudi nikakaa, tukamwacha alale mpaka kivuli kikamwacha na kuhamia upande mwingine wa nyumba.